Hasha, Ole na Yowe: Kuusikia Moyo wa Maandiko

Katika sharika zetu za Karagwe na Kyerwa, Neno la Mungu husomwa kwa Kiswahili na kueleweka kwa Kinyambo. Mwinjilisti anasimama, anafungua Biblia ya Union Version, ile iliyotolewa mwaka 1952 na ambayo wengi wetu tumekua nayo, anasoma somo, na watu wanaitikia. Lakini mama aliyekaa benchi la tatu na mtoto mgongoni analibeba kila neno na kulihamishia kimya kimya katika lugha aliyonyonyea. Maneno mengi huvuka salama. Majina ya watu huvuka, hesabu huvuka, mito na milima huvuka. Yanayokwama katikati ya mto ni maneno madogo: Ee, Aa, Ole, Hasha, Laiti.

Sisi wachungaji tumechangia kukwama huko. Chuoni tulitumia mihula mizima juu ya haki, neema na imani, na ni vyema, maana bila hayo hakuna Ulutheri. Lakini ile “Aa” ya Yeremia alipoitwa kuwa nabii akajiona ni mtoto tu, hatukuipa hata kipindi kimoja. Tukarudi nyumbani tukisoma Biblia kama mtu anayesoma tangazo la mkutano wa kijiji. Sauti moja kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo. Daudi amefiwa na mwana, sauti ni ile ile. Paulo amekasirika, sauti ni ile ile.

Tuanze na neno moja ambalo limetusumbua kwa miaka. Katika Yohana sura ya 11, Yesu anamwona Mariamu akilia na wale waliokuja naye wakilia, na Union Version inasema aliugua rohoni. Kwa Kiswahili cha waliotafsiri, kuugua ni kutoa sauti ya maumivu, kama mtu aliyeelemewa na mzigo. Kwa Kiswahili cha sokoni Kayanga leo, kuugua ni kuwa mgonjwa. Tuliwahi kuwauliza vijana wa kipaimara Yesu alikuwa na nini pale kaburini kwa Lazaro. Mmoja akajibu bila kusita: malaria. Wenzake hawakucheka, kwa sababu nao walidhani hivyo hivyo.

Kiyunani kina neno kali zaidi pale. Ni neno ambalo Wayunani walilitumia hata kwa farasi anapofoka kwa pua. Marko analitumia kwa wale waliomkaripia mwanamke aliyemwaga marhamu ya thamani. Martin Luther alipotafsiri aliandika kwa Kijerumani neno lenye maana kwamba Yesu alighadhibika rohoni. Wataalamu wamebishana: alimkasirikia nani? Wengine husema aliwakasirikia waliokosa imani. Sisi, tuliosimama kando ya makaburi mengi ya watoto, hatuoni ugumu. Aliikasirikia mauti. Aliitazama kama mtu anavyomtazama mwizi aliyemkuta ndani ya nyumba ya rafiki yake. Na baada ya kufoka huko ndipo machozi yalipomtoka. Hapo nako Kiyunani kinatofautisha: Mariamu na wenzake walikuwa wanalia kwa sauti, Yesu alitokwa na machozi. Lakini Luka anapomwonyesha Yesu akiutazama Yerusalemu, anatumia lile neno la kulia kwa sauti. Kwa hiyo Bwana wetu alijua vilio vyote viwili.

Neno hilo hilo la kuugua liko katika Warumi 8, Paulo anaposema viumbe vyote vinaugua pamoja. Tangu mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera, mstari huo umepata wafuasi wengi wasiotarajiwa. Mzee anatoka ibadani akisema Paulo aliona mbali, hata ndizi zinaugua. Hatujamsahihisha. Amekosea neno na kulipata jambo lenyewe.

Sasa tuje kwenye “Hasha”. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na vijana wetu hawalisemi popote isipokuwa kanisani. Paulo analihitaji sana. Katika Waraka kwa Warumi peke yake analipiga mara 10: je, tudumu katika dhambi ili neema izidi? Hasha! Je, Mungu amewatupa watu wake? Hasha! Kiyunani chake ni sala fupi ya kukataa, kama kusema jambo hilo lisitokee kamwe. Luther aliandika: na liwe mbali. Biblia Habari Njema inasema hata kidogo, na msomaji wa leo anaelewa mara moja, ila tunaona joto limepungua. “Hata kidogo” unaweza kumjibu mtu aliyekuuliza kama umechoka. Paulo hajibu hivyo. Anajibu kama mtu aliyeona mtoto akitambaa kuelekea motoni. Akina mama wa kwetu wangemsaidia kwa msonyo mmoja tu, lakini msonyo hauandikiki.

Nyuma ya Paulo kuna Waebrania, na nyuma ya “Hasha” yake kuna neno lao la kuapa kwamba jambo fulani ni mwiko. Ndilo alilolisema Nabothi katika 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu anakuja na maneno ya kiungwana kabisa. Anataka shamba la mizabibu lililo karibu na jumba lake alifanye bustani ya mboga. Atatoa shamba lililo bora zaidi, au fedha. Kwa mtu wa mjini hiyo ni biashara nzuri. Nabothi anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto: Bwana apishe mbali, nisiutoe urithi wa baba zangu.

Hapa wasomaji wa Karagwe na Kyerwa wana faida kuliko wengi duniani. Sisi tunajua kibanja ni nini. Kibanja si kipande cha ardhi chenye migomba na kahawa tu. Humo ndimo babu alimolala, na baba yake babu, na kondo la nyuma la kila mtoto wa ukoo. Ukimwambia mzee wa Nkwenda au wa Nyaishozi akuuzie kibanja cha baba yake, hatakupa sababu. Kwanza utasikia sauti, ndipo, ukibahatika, usikie sababu. Nabothi alifanya hivyo hivyo.

Tazama basi kile Ahabu anachokifanya anapofika nyumbani. Amelala, amegeuza uso, hataki kula. Yezebeli anamuuliza kuna nini. Ahabu anamsimulia mazungumzo yote, na anapofika kwenye jibu la Nabothi anasema tu kwamba alikataa kumpa shamba lake la mizabibu. Basi. Jina la Bwana limetoweka. Baba zake wametoweka. Urithi umegeuka shamba la mizabibu. Hakusema uongo hata neno moja, ila alikitoa kile kiapo, na kilipotoka, Nabothi aliyebaki ni mkaidi mmoja tu anayemzuia mfalme kupanda mboga. Kufika katikati ya sura hiyo Nabothi amekwisha kupigwa mawe.

Tumelisoma hilo mara nyingi kwenye vikao vya usuluhishi, maana mchungaji huku huitwa sana kwenye mambo ya viwanja. Vijana wanataka kuuza upande wa chini wa kibanja wanunue pikipiki. Mama yao mjane anaulizwa maoni yake, anaweka mkono kichwani na kusema “Maawe!”, yaani mama yangu, kisha ananyamaza. Katibu anaandika: mama hakuafiki kuuza. Kwa sheria amekiandika kikao sawasawa. Mwaka unaofuata, mtu mwingine akilisoma daftari hilo, ataona bibi mmoja mgumu asiyependa maendeleo ya watoto wake. Ndiyo maana tumewaomba makatibu wa baraza, kama inawezekana, waandike na ile “Maawe”. Wengine wanaona ni mzaha. Mmoja ameanza kuiandika.

Kuhusu “Ole” tutasema kwa kifupi. Wahubiri wengi wanaipenda kwa sababu inawapa nafasi ya kupaza sauti na kunyoosha kidole: ole wenu waandishi na Mafarisayo! Kwa masikio ya waumini ni laana. Lakini katika Mathayo 24 Yesu anatumia neno hilo hilo kwa wanawake wenye mimba na wanaonyonyesha katika siku za maangamizi. Je, anawalaani wajawazito? Hasha. Anawahurumia. Ni sauti ya mtu anayetikisa kichwa akiona gari limejaa watu likishuka mlima bila breki. Ukiwa na hilo moyoni, irudie sura ya 23 na uone inakoishia: kwa Yerusalemu kuitwa jina lake mara mbili, na kwa kuku anayetaka kuvikusanya vifaranga chini ya mbawa zake. Mtu hamalizi laana kwa kujiita kuku. Hatusemi hasira haimo. Tunasema ni hasira ya mzazi, na mhubiri ambaye hajawahi kulia kwa ajili ya Mafarisayo wa usharika wake aisome sura hiyo taratibu.

Jambo lililotufanya tuandike haya, hata hivyo, ni yowe.

Kinyambo, kama lugha za ndugu zetu Wahaya na Wanyankole, kina majina tofauti kwa sauti ambazo mgeni angeziita zote kelele. Kuna empundu, vigelegele vya furaha, mtoto anapozaliwa au bibi harusi anapofika. Kuna kilio cha msiba. Na kuna enduru. Enduru ni yowe la hatari. Mwizi ameingia, nyumba inaungua, mamba amemshika mtu Kagera. Enduru haibembelezi. Inapopigwa, kila anayeisikia ana wajibu. Aliyekuwa anakula anaacha chakula, aliyekuwa ameudhiana na jirani yake anasahau ugomvi, anachukua panga au ndoo na kukimbia. Asiyekwenda atakumbukwa kwa hilo mpaka siku ya mazishi yake.

Kiebrania kina neno la namna hiyo. Ndilo linalotumika pale Bwana anapomwambia Kaini kwamba damu ya ndugu yake inalia kutoka ardhini. Ndilo la Sodoma, ambapo Mungu anashuka aone kama mambo ni kama yowe lililomfikia. Ndilo la Kutoka 3, Mungu akimwambia Musa kwamba amekisikia kilio cha watu wake. Na Habakuki, mwanzoni kabisa mwa kitabu chake, anampigia Mungu yowe la neno moja, “Udhalimu!”, kama vile sisi tungepiga “Mwizi!” usiku.

Union Version inaweka “kilio” mahali pengi pa hapo, na si kosa. Lakini kwetu kilio ni msiba. Ukisema kuna kilio kwa fulani, watu wanauliza nani amefariki na kuandaa michango. Kilio kinahitaji wa kukaa nacho. Yowe linahitaji wa kuja. Mtu akisoma Kutoka 3 kwa sikio la msiba, Mungu ni jirani mwema aliyefika kutoa pole. Akisoma kwa sikio la enduru, Mungu ni yule aliyeacha chakula mezani na kukimbia. Sura nzima inabadilika, na maneno ya Mungu kwamba ameshuka kuwaokoa yanakuwa hayana budi kufuata.

Miaka michache iliyopita tulizika kijana katika mtaa mmoja wa Kyerwa. Alikuwa anaendesha bodaboda, mtoto wa pekee wa mjane. Ibada ilikwenda kwa utaratibu, kwaya iliimba, udongo ulibarikiwa. Jeneza lilipoanza kushuka, mama akajitoa mikononi mwa wanawake waliomshika na kupiga enduru. Hakulia kilio cha msiba. Alipiga enduru kamili, ile ya hatari, mpaka wanaume wawili waliokuwa shambani upande wa pili wa bonde wakaja mbio na mapanga wakidhani tumevamiwa.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema tunayemheshimu, akamwendea na kumwambia anyamaze, asimkufuru Mungu mbele ya watu, sisi tuliookoka hatulii kama wasio na tumaini. Mama akamtazama, akamwambia kwa Kinyambo, kwa adabu yote, “Waitu mzee, sasa nimpigie nani?”

Hakuna aliyemjibu pale.

Tumelibeba swali hilo. Ni haki kumtetea yule mzee, maana anatoka katika mapokeo yanayotulea sisi sote. Bibi zetu wa Uamsho, ule uliovuka kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 na kuendelea, waliimba makaburini. Waliimba kwa sababu walikuwa wameona misiba ya zamani ambamo kilio kiligeuka kumtafuta mchawi, na jina la jirani likatajwa, na ukoo ukafarakana kwa vizazi. Wimbo wao ulifunga mlango huo. Hatutaki ufunguliwe.

Lakini Paulo, katika 1 Wathesalonike 4, hasemi tusihuzunike. Anasema tusihuzunike kama wasio na tumaini. Watu watauwa waliomzika Stefano, Luka anatuambia, walimfanyia maombolezo makubwa, na Stefano aliziona mbingu zimefunguka! Na huyu mama hakumtafuta mchawi. Alijua hasa anampigia nani. Asiye na tumaini hapigi enduru. Enduru hupigwa na anayeamini kwamba yupo mtu upande wa pili wa bonde. Kama angekuwa ameacha kuamini, angelinyamaza, nasi tungemsifu kwa imani yake.

Kwa hiyo tulipomtembelea siku ya tatu hatukumpelekea maneno mengi. Tulimsomea Habakuki sura ya kwanza, tukitafsiri papo hapo kwa Kinyambo, na pale kwenye yowe la nabii tukaweka enduru. Akauliza, “Hilo nalo limeandikwa?” Tukamwonyesha, ingawa hasomi vizuri. Aliweka kidole pale na kukiacha kwa muda. Wenzetu wengine katika huduma wanasema tunafungua mlango wa fujo makaburini, na tumebishana nao kwa upendo na bado hatujamaliza.

Liko pia jambo linalozidi hata yowe. Mwaka 1994 sisi tulikuwa watoto wa shule. Waliokuwa wakubwa katika vijiji vilivyo kando ya Mto Kagera waliona maiti za watu wa Rwanda zikishuka na maji, siku baada ya siku, na wakimbizi kwa mamia ya maelfu wakiingia Ngara na Karagwe. Tumewauliza baadhi ya wazee walisema nini siku ile ya kwanza. Hawakusema kitu. Mmoja alituonyesha tu: akaweka kiganja juu ya mdomo. Ayubu anafanya hivyo hivyo mbele za Mungu. Na kitabu cha Maombolezo, kinapoanza, kinaanza kwa neno ambalo Waebrania wamelifanya jina la kitabu chote, neno la kuuliza “jinsi gani?” bila kungoja jibu. Sura tatu kati ya tano zinafunguliwa nalo. Mtafsiri hana la kulifanyia neno hilo. Msomaji anaweza kulifanyia kitu kimoja: asimame kidogo kabla ya kuendelea.

Mwaka 1530 Luther aliandika waraka kuhusu kutafsiri, akasema mtafsiri aende kumsikiliza mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni, aone wanavyosema. Tungeongeza wodini. Ukipita wodi za Nyakahanga usiku, utasikia kwamba maumivu hayasemi Kiswahili. Mwalimu mstaafu aliyefundisha sarufi miaka mingi anaita “Maawe!” kama mtoto, na mama yake amekufa siku nyingi. Marko alilijua hilo. Injili yake yote ni Kiyunani, lakini Yesu anapomwinua binti wa Yairo, anapoomba Gethsemane, na anapolia msalabani, Marko anakiacha Kiaramu kilivyo, ndipo anatafsiri. Hakuthubutu kukigusa kilio kabla ya kutusikilizisha.

Kwa ajili hiyo, Ijumaa Kuu, katika usharika wetu, somo la mateso linasomwa kwa Kiswahili mpaka Marko 15:34. Hapo msomaji anasoma Kiaramu, kisha mama mmoja mzee, asiye na kitabu, anasimama mahali alipoketi na kulisema neno hilo kwa Kinyambo, kwa sauti anayoitaka yeye. Mwaka wa kwanza alilinong'ona. Mwaka jana, watoto waliokuwa wanacheza nje walikuja mlangoni mbio, wakauliza kuna nini.